Auguzaye Asije Akaungua

Ndugu zangu walimu, nilikuwa siku moja nikifundisha mnyambuliko wa vitenzi, na somo lilikuwa kauli ya kusababisha. Nilikwisha kuandika ubaoni pungua na punguza, tulia na tuliza, kisha nikaongeza ugua na uguza. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akainua mkono, akauliza: "Mwalimu, ikiwa kupunguza ni kufanya kitu kipungue, na kutuliza ni kufanya mtu atulie, basi kuuguza ni kumfanya mtu augue? Mwuguzi ndiye aletaye ugonjwa?"

Darasa zima lilicheka. Mimi nami nilicheka, kisha nikamjibu kama inavyotupasa kujibu. Nilimwambia ya kwamba kauli hiyo haina maana moja tu. Mkunga humzalisha mama, wala si yeye aliyeleta mimba. Humsaidia tu katika jambo ambalo mama analitenda mwenyewe. Kadhalika amlishaye mtoto mchanga hamlazimishi kuwa na njaa. Mwuguzi, basi, ni mtu anayemsaidia mgonjwa kuugua. Hukaa naye ndani ya ugonjwa wake mpaka utakapokwisha, au mpaka utakapommaliza. Nilipokuwa nikifuta ubao nikaona jambo jingine ambalo sikuwaambia wanafunzi. Neno kuuguza likiongezwa herufi moja tu huwa kuunguza. Auguzaye yu karibu sana na moto.

Kicheko kiliisha, lakini swali la kijana yule halikuisha. Limenifuata hata nje ya darasa, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Sisi wa Kabezi, kama watu wa pwani yote ya ziwa hili kutoka Bujumbura hadi Rumonge na Nyanza-Lac, tuna lalamiko moja tunalolirudia kila tutokapo katika nyumba za matibabu: wauguzi ni wakali. Wanajibu kwa mkato, hawamtazami mtu usoni, humkaripia mama mzazi mbele ya watu. Nataka tujiulize, kwa utulivu unaofaa walimu: mwuguzi anapomkaripia mgonjwa, kosa ni la nani?

Majibu tunayoyasikia ni matatu. Wa kwanza husema kosa ni la mwuguzi mwenyewe, kwa kuwa hana huruma na aliingia kazini kutafuta mshahara. Wa pili husema kosa ni la hali ya kazi, kwani wagonjwa ni wengi, mikono ni michache, dawa hazitoshi na malipo hayatoshi. Wa tatu, ambao aghalabu ni wasomi, husema kosa ni la mafunzo: mwuguzi hakufundishwa kuijua lugha, mila na desturi za watu anaowahudumia, kwa hiyo kila mgonjwa asiyefanana naye humchosha na kumkasirisha. Nadhani kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli. Ila vipande hivyo havina uzito sawa, na namna ya kuviunganisha ndiyo shida yenyewe.

Kwanza tulitafutie jambo hili jina. Waingereza huuita uchovu huu kwa neno lililotokana na moto, yaani kuungua mpaka kumalizika, kama kuni zilizokwisha kuwa majivu. Aliyelitia neno hilo katika maandishi ya elimu ya nafsi mwaka 1974 ni Herbert Freudenberger, mganga wa nafsi wa New York. Yafaa tukumbuke alikoliona jambo lenyewe. Aliliona katika zahanati iliyotibu watu bure, miongoni mwa watu wa kujitolea, wale hasa walioingia kazini wakiwa na moyo mkubwa kuliko wengine. Hakuwaona wavivu wakiungua, kwani kuni ambazo hazikuwashwa haziungui.

Baadaye, mwaka 1981, Christina Maslach na Susan Jackson walitoa kipimo cha hali hiyo, wakaigawa katika sehemu tatu. Ya kwanza ni kuishiwa na nguvu za moyo. Ya pili ni kumwona binadamu kama kitu: mgonjwa haitwi tena jina lake, huwa "yule wa kitanda cha tatu." Ya tatu ni kujiona kwamba kazi yote uifanyayo haizai lolote. Uchovu wa kawaida huisha kwa usingizi. Huu hauishi, kwa sababu mtu huamka asubuhi akiwa amechoka vilevile. Ndiyo maana neno uchovu peke yake halinitoshi, nami katika makala haya nitasema kuungua.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipolieleza jambo hili katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022, halikuliita ugonjwa. Lililieleza kuwa ni hali itokanayo na shinikizo la muda mrefu la mahali pa kazi ambalo halikushughulikiwa ipasavyo. Tuyapime maneno hayo kama tupimavyo maana ya sentensi. Hali hiyo imehusishwa na mahali pa kazi. Haikutajwa kuwa ila ya moyo wa mtu. Ikiwa ndivyo, jibu la kwanza, lile lisemalo kwamba mwuguzi mkali ana moyo mbaya tu, limekwisha kupata ufa.

Hapa kwetu Burundi hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Tarehe 1 Mei 2006 ilitangazwa kwamba watoto wenye umri chini ya miaka mitano watatibiwa bure katika vituo vya umma, na akina mama watajifungua bila kulipa. Lilikuwa jambo jema, na hapana mwenye akili atakayelilaani. Kabla ya hapo palikuwa na akina mama waliozuiliwa hospitalini baada ya kujifungua kwa kukosa kulipa. Lakini mlango ulipofunguliwa, watu waliingia kwa wingi, na mikono iliyokuwa ikiwapokea ilikuwa ileile. Sisi walimu tulikwisha kuyaona hayo mwaka mmoja kabla, kwani karo ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2005. Wenzangu waliofundisha wakati ule wanakumbuka watoto walioketi sakafuni, na madarasa yaliyopokezana vyumba asubuhi na alasiri. Tuliwapenda watoto wale. Tuliwachapa pia. Mambo hayo mawili yalikaa katika moyo mmoja, na tunaolijua hilo tunapaswa kusema taratibu tunapomhukumu mwuguzi.

Mfano wa pili umo hapahapa Kabezi. Mwaka huohuo wa 2006 Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifungua hapa kituo cha dharura za uzazi, kilichokuwa wazi usiku na mchana. Vituo vidogo vya vilimani viliunganishwa nacho kwa magari ya wagonjwa, na garini alikuwamo mkunga au mwuguzi aliyefunzwa. Kwa hesabu za shirika hilo za mwaka 2011, vifo vya akina mama katika eneo la Kabezi vilikadiriwa kuwa 208 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa 800. Ni pungufu ya asilimia 74. Je, wauguzi wa Kabezi waligeuka malaika mwaka ule? Walikuwa watu walewale wa milima hiihii. Kilichobadilika ni kwamba aliyepiga simu usiku aliitikiwa, gari lilikuja, na chumba cha upasuaji kilikuwa na mtu ndani yake. Mwuguzi ajuaye kwamba msaada utakuja huweza kumshika mama mkono akamwambia maneno mazuri. Ajuaye kwamba hautakuja hujikaza, na kujikaza kwake sisi tulio nje ya mlango hukuita ukali.

Nimeyasema haya kwa nguvu, na msomaji aweza kudhani kuwa nimeegemea jibu la pili na kuyatupa mengine. Sivyo. Tukio moja lilinionyesha kwamba hali ya kazi si mwisho wa habari, nami nitalisimulia ingawa linanifedhehesha.

Mwaka 2025, vita vilipozidi katika Kivu ya Kusini, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia nchi yetu. Jirani yangu, ambaye ni mvuvi, alimpokea shemeji yake, mama mwenye umri wa miaka thelathini hivi, aliyetoka upande wa Uvira. Mama huyu hakujua Kirundi. Siku moja aliletwa kijana kuniita niende katika kituo kimoja cha afya cha pwani hii, nisichokitaja jina, ili nimfasirie maneno yake. Mwuguzi aliyekuwapo alikuwa amesomea kazi yake kwa Kifaransa, na nyumbani husema Kirundi. Kiswahili alikijua cha sokoni tu, cha kuuliza bei ya ndagala. Mama yule, aliyemwita mwuguzi "munganga" kama watu wa ng'ambo wamwitavyo kila atibuye, aliweka mkono kifuani akasema: "Niko na uchungu hapa." Nami, mwalimu wa lugha mwenye stashahada na miaka mingi ya ubao, nilifasiri palepale kwamba kifua kinamwuma.

Mwuguzi alimsikiliza kifua, asione kitu, akampa vidonge vya maumivu. Baada ya siku chache mama akarudi na maneno yaleyale, na mimi na tafsiri yangu ileile. Aliporudi mara ya tatu mwuguzi alipaaza sauti mbele ya watu wote waliokuwa benchini: "Huyu hana ugonjwa! Anakula wakati wa wagonjwa!" Sikuifasiri sentensi ile. Haikuwa na haja ya kufasiriwa.

Tulitoka, nami nilikuwa nimewaka kwa hasira, nikitunga kichwani barua kali ya malalamiko. Njiani mama akaniambia, kwa sauti ya mtu aombaye radhi: "Baba, mimi nilimwambia munganga kama niko na uchungu. Mutoto wangu alibakia kule njiani. Alikuwa na miaka ine." Mtoto wake alikuwa amekufa wakiwa wanakimbia, akazikwa haraka mahali ambapo hajui kama atapaona tena. Alikuwa akisema habari hiyo tangu siku ya kwanza, kwa neno la Kiswahili safi kabisa, na mimi ndiye niliyelizuia lisifike.

Ndugu zangu, neno uchungu tunalifundisha kila mwaka. Tunajua ya kwamba ni ladha ya shubiri, ni maumivu ya mwili, ni utungu wa kuzaa, ni majonzi, na hata hasira iliyofungwa. Methali yetu isemayo uchungu wa mwana aujuaye mzazi tumeitungia mitihani. Pamoja na hayo yote, mama mzazi aliponitamkia neno hilo mkono ukiwa kifuani, nilichagua maana iliyokuwa karibu zaidi na chumba cha dawa.

Kesho yake jioni nilirudi kituoni. Mwuguzi alikuwa ameketi kizingitini, viatu amevivua. Alikuwapo kazini tangu asubuhi ya siku iliyotangulia, kwa kuwa mwenziwe alikuwa katika likizo ya uzazi na mtu wa kushika nafasi yake hakuletwa. Nilimweleza habari ya mtoto, na kosa langu. Alinyamaza kitambo, akasema: "Mwalimu, kama ningalijua, nisingalimkaripia." Kisha, kabla sijashika njia, akaongeza: "Lakini tuseme ningalijua. Ningalimpa saa ipi? Tazama benchi lile."

Nimelitafakari jibu hilo kuliko vitabu vingi. Katika sentensi zile mbili mwuguzi amesema yote ninayotaka kuyasema. Sentensi ya kwanza yahusu ujuzi. Sehemu moja ya ukali wake ilitokana na kutojua, kwani alimdhania mama kuwa mtu wa kudeka, na kudhania huko kulimchosha mara tatu. Sentensi ya pili yahusu wakati. Ujuzi bila wakati ungalimwongezea tu mzigo mwingine, yaani kujua kwamba mbele yake yupo mtu mwenye msiba, na kulazimika kumwambia apishe mwenzake.

Hapo ndipo naona udhaifu wa jibu la tatu, lile la wasomi. Madai yao yenyewe ni ya haki. Madeleine Leininger, mwuguzi wa Kimarekani aliyesomea pia elimu ya jamii za binadamu, aliishi miaka ya mwanzo ya 1960 kati ya Wagadsup wa Papua New Guinea, kisha akajenga taaluma nzima juu ya wazo moja: kumtunza mtu bila kujua maana anayoipa maradhi na matunzo ni kumtunza nusu. Wazo hilo lingeweza kuzaliwa hata hapa. Mwuguzi wa Rumonge hupokea kwa siku moja Mrundi wa kilimani, Mwislamu wa mtaa wa Waswahili, mtu aliyekulia makambini Tanzania baada ya wazee wake kukimbia mwaka 1972, na mvuvi kutoka Kongo. Hata neno mganga haliwaelekezi mahali pamoja. Kwa Kirundi umuganga ni daktari wa hospitali. Mtu wa Kigoma husema mganga akimaanisha pengine daktari, pengine mtu wa mizizi. Warundi nao wana methali isemayo kwamba machozi ya mwanamume hutiririka kuelekea tumboni. Mwuguzi aliyelelewa katika methali hiyo ataona kilio cha sauti ni utovu wa adabu, ilhali kwa mwingine kulia kwa sauti ni haki ya mfiwa.

Basi ujuzi huo ni wa lazima. Lakini angalia namna unavyodaiwa. Aghalabu mwuguzi huitwa katika semina ya siku mbili, akaambiwa awe msikivu, aheshimu mila, ajifunze lugha, amwulize mgonjwa habari zake. Kisha hurudishwa kwenye benchi lilelile, peke yake, na watu walewale sitini. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulio nje huona ni jambo jepesi kumwambia atabasamu. Kumbe tumemwongezea wajibu mpya bila kumwongezea dakika moja, na kila atakaposhindwa kuutimiza ataona haya, na haya hiyo ni kuni nyingine katika moto uleule. Ile sehemu ya tatu ya kipimo cha Maslach, yaani kujiona hufai kitu, tumeilisha sisi wenyewe kwa mawaidha yetu.

Niruhusuni nimalize kisa changu. Mwuguzi yule aliniambia nimlete mama Jumamosi alasiri, benchi likiwa tupu. Tuliketi watatu. Safari hii nilifasiri kila neno, na nilipokosa hakika ya neno nilimwuliza mama kwanza kabla ya kufungua kinywa. Mama alisema jina la mtoto wake. Mwuguzi hakuwa na dawa ya kumpa. Alimwambia neno moja tu la Kirundi, "Ihangane," ambalo ni kama pole yetu lakini limebeba ndani yake ombi la kustahimili, akamshika mikono. Nusu saa ilikwisha. Mama hakurudi tena kuomba vidonge. Tulipokuwa tukiagana, mwuguzi aliniambia kwamba mwezi ule wote ndiyo siku ya kwanza aliyojiona amemwuguza mtu.

Nilikuwa nimedhani kwamba kusikiliza msiba wa mgeni kungelimmalizia nguvu zilizobaki. Kumbe kulimrudishia. Hapa najifunza kwamba kinachomwunguza mwuguzi si wingi wa kazi peke yake. Ni wingi wa kazi isiyofika. Mtu aweza kulima shamba kubwa akachoka kwa furaha iwapo anaona mimea ikiota. Lakini aliyetiwa kulima juu ya jabali, akapiga jembe siku nzima asione hata ufa, huyo huungua. Vidonge vitatu vilivyokwenda kwa mtu ambaye hakuvihitaji, na makaripio yaliyofuata, vilikuwa jembe juu ya jabali. Lugha ikipatikana, udongo hupatikana.

Lakini sitaki kisa hiki kigeuzwe hadithi ya kutufurahisha. Nusu saa ile ilitoka wapi? Ilitoka katika mapumziko ya mwanamke aliyekesha kazini. Hakulipwa kwayo, na nyumbani watoto wake walimngojea. Tukisema, "Mnaona? Akitaka aweza," tutakuwa tumemdhulumu mara mbili. Sifa ya mwema mmoja isigeuzwe fimbo ya kuwachapia wenzake. Hapana hospitali duniani iwezayo kujengwa juu ya Jumamosi alasiri za watu waliochoka.

Kutokana na hayo, nashikilia kwamba kuijua lugha na desturi ya mgonjwa ni sehemu ya hali ya kazi yenyewe, kama glavu, maji na taa. Si pambo la tabia ambalo mwuguzi mwema hujinunulia kwa fedha yake. Hatumwambii mwuguzi ajishonee glavu usiku, tunamdai mwajiri. Vivyo hivyo mfasiri, saa ya kujifunza lugha, na dakika za kumsikiliza mgonjwa ni vitu vya kutolewa na anayeiendesha kazi. Serikali, mashirika na wakuu wa vituo wana deni hapo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2023 ulimwengu ulipungukiwa na wauguzi milioni 5.8, na pengo hilo huumiza zaidi nchi zisizo na uwezo. Kenya, mwaka 2017, wauguzi wa umma waligoma kwa muda wa karibu miezi mitano. Pahali watu wanaposhindwa kuungua kimya kimya, moto hutokea nje, na wagonjwa ndio wanaokosa huduma.

Nakisikia kipingamizi cha msomaji. Ataniuliza: je, basi mwuguzi hana hatia yoyote? Je, mama wa Uvira hakudhalilishwa mbele ya watu? Alidhalilishwa, na hilo halifutiki kwa maelezo ya benchi. Uchovu huweza kueleza tendo bila kulihalalisha. Tena tuone jambo moja la kutisha: mwuguzi aliyeungua hamkaripii mkubwa wake, wala tajiri, wala mtu ajuaye kumjibu. Humkaripia asiye na lugha. Kwa hiyo ukali wa uchovu hauanguki kama mvua juu ya wote. Hufuata mteremko, ukaishia kwa aliye chini kabisa. Mtu aliyechoka bado ana wajibu wa kuutambua mteremko huo. Na kama amekwisha kukosa, anao wajibu aliouonyesha mwuguzi wangu: kunyamaza kitambo, kukiri, na kumwita tena aliyemkosea.

Nasi tuliokuwa nje ya mlango tuna wajibu wetu. Barua kali niliyokuwa nikiitunga njiani ingalimfikia nani? Ingalimwangukia mtu wa karibu, aliyevua viatu kizingitini, wala isingalimgusa yeyote aliyeacha nafasi ya mwenziwe wazi. Kulalamika ni haki. Kulalamika mahali panapostahili ni maarifa. Na kabla ya kuandika ningalipaswa kujiuliza ni neno gani nililolivunja mimi mwenyewe.

Hapo nafika kwetu walimu. Katika darasa langu amewahi kukaa mtoto wa ng'ambo aliyesema "njo" pale tusemapo "ndiyo," na "mutoto" pale tusemapo "mtoto." Nilimsahihisha mbele ya wenzake kwa maneno yasiyofaa, nikakiita Kiswahili chake kibovu. Darasa lilikuwa kubwa, siku ilikuwa ndefu, nami nilikuwa nimechoka. Tazama jinsi sababu zangu zilivyo zilezile za mwuguzi, na jinsi mteremko wangu ulivyoishia kwa yuleyule mgeni. Tena kwa kukizoea Kiswahili kimoja tu, cha vitabu, nilijifunga masikio. Siku mama aliposema "niko na uchungu" nilikisikia Kiswahili chenye kasoro, kwa hiyo sikutazamia ndani yake maana kubwa.

Kwa sababu hiyo naomba chama chetu kifikirie mambo matatu. La kwanza, tukusanye maneno ya maradhi, ya mwili na ya huzuni kama yanavyosemwa Uvira, Rumonge, Buyenzi na Kigoma, tuyapange kwa maana zake zote pamoja na Kirundi chake, tuwape wauguzi kijitabu kinachoingia mfukoni. La pili, tuombe kufundisha saa chache za Kiswahili katika shule za wauguzi za pwani hii, ndani ya ratiba yao, si baada ya kazi. La tatu, tujifunze sisi wenyewe adabu ya kufasiri: kuuliza kabla ya kudhani, na kusema "sijui neno hili" bila kuona haya. Haya hayataleta mwuguzi wa pili katika kituo kile, na tusidanganyane kwamba yataleta. Hiyo ni kazi ya wengine, nasi tuwadai. Lakini haya yamo mikononi mwetu.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Walimaanisha kwamba atendaye wema asingoje kuombwa, na walisema kweli, kwa kuwa walimsema mgonjwa aliye nyumbani kwake, mikononi mwa nduguze wajuao uji anaoupenda. Mgonjwa wa leo yu ugenini, na anayemtunza naye ni mgeni kwake. Huyu sharti aulizwe. Na ili aulizwe, sharti awepo mwenye wakati wa kuuliza na masikio ya kulisikia jibu.

Kijana wa dawati la nyuma nilimjibu kwamba mwuguzi hukaa na mgonjwa ndani ya ugonjwa wake. Jibu lile lilikuwa sahihi kwa mtihani. Leo angeniuliza tena ningemwongezea hili: akaaye ndani ya ugonjwa wa wengine naye huhitaji mtu wa kukaa naye, la sivyo herufi moja itaingia katika jina la kazi yake, na sote tutaungua pamoja.